Njaa ya Njiani: Usiku Mmoja Hot Springs

Njia ya Appalachian, yenye urefu wa takriban kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine nchini Marekani, haiukwepi mji mdogo wa Hot Springs, North Carolina. Inashuka mlimani, inaingia barabara kuu, inapita mbele ya maduka na kuvuka daraja la mto French Broad. Anayetokea kusini huwa ametembea zaidi ya kilomita 400. Milima ya Great Smoky ameiacha nyuma, mfuko wa chakula umekwisha, na ana njaa isiyotulizwa na sahani moja.

Njaa hiyo isichukuliwe kuwa ulafi. Anayepanda na kushuka milima kutwa, mzigo mgongoni, anaweza kutumia kilokalori 4,000 hadi 6,000 kwa siku, na ni wachache wanaomudu kubeba chakula cha kufidia zote. Kinachopungua mwili hukichota kwenye mafuta yake. Mafuta yakipungua, hupungua pia leptini, homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Ghrelini, inayotoka tumboni na kuamsha hamu ya kula, huongezeka. Katika utafiti wa Ancel Keys huko Minnesota, mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 waliojitolea walipunguziwa chakula huku wakitakiwa kutembea kama kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula mpaka tumbo likajaa kabisa, na bado wakasema wana njaa.

Usiku wa mjini, basi, una kazi yake. Misuli na ini huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, kiasi cha gramu 500 tu, na siku ngumu huila sehemu kubwa. Mwili huijaza upesi zaidi katika saa za mwanzo baada ya kazi, kisha huendelea polepole kwa karibu siku nzima. Kwa hiyo anayetangulia kula wali au viazi kabla ya kushughulikia nguo chafu namuunga mkono kabisa. Ila anawe mikono kwanza, tena kwa sabuni na maji: norovirusi, inayoenea haraka katika mabweni ya wasafiri, haiuliwi vizuri na jeli ya kileo.

Asubuhi ni zamu ya duka, na hapo hesabu hugeuka. Mji unaofuata, Erwin huko Tennessee, uko takriban kilomita 110 mbele. Kwa siku nne, kilokalori 4,500 kila siku, anahitaji 18,000. Akibeba mchele mtupu, wenye kama kilokalori 3.6 kwa gramu, ni kilo 5. Akichanganya vyakula vyenye wastani wa 5, ni kilo 3.6.

Utamwona amekaa kibarazani, anachana maboksi na kuyatupa, anahamishia tambi kwenye mifuko, anasoma lebo ya siagi ya karanga na kugawanya kilokalori kwa gramu. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga au protini 4, kwa hiyo kichupa cha mafuta ya zeituni hakikosi nafasi kwenye shanta. Mayai, machungwa na nyanya alizonunua anazimaliza palepale kibarazani. Maji yaliyomo hayana kilokalori hata moja, na mlima unaanza ng'ambo ya daraja.