Fahamu: Kwa nini saa 6 za usingizi hazitoshi

Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo yanayopaswa kumshtua kila anayejisifu kwa kulala kidogo. Watu wazima wenye afya walilala saa 6 tu kila usiku kwa siku 14. Mwishowe umakini wao ulishuka kama wa mtu aliyekesha usiku kucha.

La kutisha zaidi, wenyewe hawakuhisi kwamba wamezorota kiasi hicho. Kwa hiyo dereva wa basi la usiku anaweza kujiona yuko sawa huku akichelewa kukanyaga breki.

Tukiwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kuuchosha. Usingizi ndio huipunguza. Kahawa huzuia tu athari yake kwa muda.

Wataalamu hupendekeza watu wazima walale angalau saa 7, na vijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10.