Mpira wa saa kumi, sukari ya usiku wa manane

Desemba 2023, taasisi ya NICE, inayoshauri ni tiba zipi zilipiwe na huduma ya afya ya umma huko England na Wales, iliidhinisha watoto na vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza wapewe mashine inayoingiza insulini mwilini yenyewe. Wengi walioisikia habari hiyo walidhani shida imekwisha. Lakini vijana wanaovaa mashine hizo, na madaktari wao, wanajua zipo saa ambazo mashine huhangaika. Ni pale kijana anapovaa viatu na kuingia uwanjani.

Mtu wa hapa Kapolowe, Kongo, ana haki ya kuuliza mambo haya yanamhusu nini. Hapa mwenye kisukari hutegemea chupa ya insulini na bomba la sindano, akibahatika kuvipata. Lakini kinachoisumbua mashine kule Ulaya ndicho kinachomwangusha kijana kwenye kiwanja cha vumbi kando ya reli hapa kwetu, na mengi yaliyobuniwa ili kuisaidia mashine yanamfaa hata yule ambaye hajawahi kuiona.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu bado unasingiziwa mambo. Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na kulamba sukari wala uvivu. Kinga ya mwili hugeuka na kuziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini, glukosi, yaani sukari, hujaa kwenye damu huku misuli ikikaa na njaa. Mtoto anakojoa kila mara, anakunywa maji bila kukata kiu, anakonda wiki hadi wiki. Nyumbani watasema malaria, watasema homa ya matumbo, wengine watamtafuta mchawi, na siku zinapita mpaka aanze kuhema kwa kasi na kupoteza fahamu. Mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini, Leonard Thompson wa Toronto, alikuwa na miaka 14 tu Januari 1922. Kabla yake, mtoto wa namna hiyo alikuwa akisubiri kufa.

Mashine ya leo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kihisi, kidude kinachobandikwa kwenye mkono au tumbo, chenye uzi mwembamba chini ya ngozi unaosoma kiwango cha glukosi kila baada ya dakika chache. Ya pili ni pampu, yenye insulini ya kazi ya haraka, inayoitiririsha chini ya ngozi kidogo kidogo. Ya tatu ni programu ya hesabu, iliyo ndani ya pampu au kwenye simu. Hiyo hutazama namba za kihisi, hukisia sukari inakoelekea, kisha huamuru pampu iongeze, ipunguze au isimamishe. Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya aina hii, MiniMed 670G, Septemba 2016, kwa watu wa kuanzia miaka 14. Nyingine zimefuata, kama Control-IQ mwaka 2019 na Omnipod 5 mwaka 2022. Nyingi bado zinamtaka mtumiaji aziarifu kila anapokula, kwa hiyo kusema zinajiendesha kabisa ni kuzisifu kupita kiasi.

Usiku kijana amelala, mashine hizi hufanya kazi nzuri ajabu. Mchana akikimbia, mambo hubadilika, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri maana ndiyo kiini cha jambo lote.

Msuli unaofanya kazi hufungua milango yake ya glukosi wenyewe, hata pasipo insulini nyingi. Kwa mtu mwenye afya hilo si tatizo: mara anapoanza kukimbia, kongosho hupunguza insulini, na ini humwaga glukosi iliyoweka akiba. Mizani inabaki sawa. Insulini iliyodungwa haina breki hiyo. Insulini ya haraka inayotumiwa na pampu huchukua kama saa moja kufika kileleni, na nguvu yake huendelea kwa saa tatu hadi tano. Mashine inaweza kuzuia tone linalofuata, lakini haiwezi kurudisha lililokwisha ingia. Maji yakimwagika hayazoleki. Na insulini ikibaki nyingi mwilini, ini nalo hubana akiba yake. Misuli inavuta, insulini inasukuma, ini halitoi: sukari inaporomoka.

Kihisi nacho kinachelewa. Hakisomi damu bali maji yaliyo kati ya seli, na namba yake iko nyuma ya damu kwa dakika tano, kumi, au zaidi sukari inaposhuka kwa kasi. Kijana anaweza kuona 95 kwenye simu wakati damu imeshapita chini ya 70, mpaka ambapo mikono huanza kutetemeka na jasho la baridi kumtoka. Chini ya 54 akili inachanganyikiwa. Hizi ni miligramu kwa desilita, kipimo kinachotumika hapa Kongo.

Ndiyo maana watengenezaji wameweka kitufe cha mazoezi. Ukikibonyeza, programu inainua lengo lake. MiniMed 670G, ambayo kwa kawaida hulenga 120, hulenga 150. Omnipod 5 pia hupanda hadi 150 na kupunguza kiasi inachotoa. Siri ya kitufe hiki iko kwenye saa ya kukibonyeza. Wataalamu wanashauri kibonyezwe saa moja hadi mbili kabla ya mazoezi. Refa akishapiga filimbi umechelewa, maana insulini ya saa moja iliyopita ndiyo inayocheza mechi pamoja nawe.

Kuna mtego mwingine ambao mimi naona unafundisha kuliko yote. Zamani kijana aliambiwa ale kitu nusu saa kabla ya mchezo ili sukari iwe juu kidogo. Akiwa na mashine, ushauri huo humgeukia: programu inaona sukari inapanda, haijui mechi iko njiani, inaongeza insulini, na dakika ya ishirini ya mchezo kijana yuko chini kuliko ambavyo angekuwa kama asingekula. Siku hizi wanaambiwa wale kidogo, dakika tano au kumi tu kabla ya kuanza. Na anayevua pampu ili isipigwe kiwiko lazima aiambie imesimama. Asipofanya hivyo, itaamini insulini iliyomwagika hewani imeingia mwilini.

Mazoezi nayo hayafanani. Kukimbia taratibu kwa muda mrefu hushusha sukari. Mbio fupi za nguvu zote, na hata hofu ya fainali, huamsha adrenalini, na sukari inaweza kupanda. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mbio za sekunde kumi tu, kwa nguvu zote, mwishoni mwa mazoezi ya kawaida, zinazuia sukari isiendelee kushuka kwa muda baada ya mazoezi. Mpira wa miguu una vyote viwili, kwa hiyo mshambuliaji na beki wa timu moja, wenye insulini sawa, wanaweza kumaliza mechi wakiwa na namba tofauti kabisa.

Ubalehe unazidisha ugumu. Homoni za kukua hupingana na insulini, dozi zinapanda, na kijana yuleyule aliyekuwa akihitaji kidogo mwaka jana leo anahitaji maradufu. Kisha anaona haya kusema ana ugonjwa mbele ya wenzake, hasa kama anaichezea timu ya mtaa na anaota kuvaa jezi ya Mazembe.

Sasa usiku. Mwaka 2007 watafiti wa Perth, Australia, waliwafanyisha mazoezi vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza kwa dakika 45, kuanzia saa kumi jioni, kisha wakapima mpaka asubuhi kiasi cha glukosi walichohitaji ili sukari isishuke. Mahitaji yalipanda mara mbili: wakati wa mazoezi na muda mfupi baadaye, halafu tena kati ya saa ya saba na ya kumi na moja baada ya mazoezi. Misuli ilikuwa ikijaza akiba yake upya. Piga hesabu: aliyecheza saa kumi jioni anafikiwa na wimbi la pili kuanzia usiku wa manane hadi karibu na saa kumi alfajiri, nyumba nzima ikiwa imelala. Kwa mwenye mashine, hapa ndipo pampu inaposimama yenyewe na kihisi kulia kengele. Kwa asiye nayo, hakuna wa kumwamsha isipokuwa mama yake.

Na hapa Kapolowe mpira unachezwa saa ngapi? Saa hiyohiyo ya kumi, jua likipungua ukali.

Vijana wengi wa Kiafrika wasio na pampu hupewa insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni. Ndani yake mna ya muda mfupi, inayofika kileleni baada ya saa mbili hadi nne, na ya muda wa kati inayofika kileleni baada ya saa nne hadi kumi. Aliyejidunga saa moja asubuhi anakuwa bado ana insulini yenye nguvu saa kumi jioni, aitake asiitake. Kitufe cha mazoezi hana, lakini ana kalenda. Mechi ya Jumamosi inajulikana Alhamisi. Kupunguza kidogo dozi ya asubuhi ya siku ya mechi, kwa kiasi alichokubaliana na daktari au muuguzi wake, ni kubonyeza kitufe kilekile, ila mapema zaidi. Dozi ya jioni nayo hupunguzwa, mara nyingi kwa kama asilimia 20 usiku wa baada ya mazoezi mazito, na hilo pia ni la kupangwa na mtaalamu. Tena, huyu wa sindano ana nafuu moja ambayo wa mashine hana: kiazi kitamu au ndizi anayokula kabla ya mchezo haimwongezei insulini kwa siri.

Lakini mpira si zoezi kubwa la kijana wa hapa. Mtazame anayesukuma baiskeli iliyosheheni magunia ya makaa kwenye barabara ya Likasi, au aliyepakia samaki kutoka ziwa Tshangalele. Anasukuma kwa saa nyingi, mlima na mteremko, mara nyingi bila kula. Hiyo ndiyo kazi ndefu ya taratibu inayoshusha sukari kuliko mpira, na hakuna nusu ya mchezo ya kupumzika. Huyu anahitaji chakula kidogo kila baada ya muda, kabla hajasikia njaa, na sukari kavu mfukoni. Asijidunge pajani asubuhi ya safari: mguu unaofanya kazi hufyonza insulini haraka zaidi, jambo lililothibitishwa tangu 1978. Tumbo linafaa zaidi. Akianza kutetemeka, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, dakika kumi na tano za kukaa kivulini, kisha apime tena. Kinywaji cha munkoyo asikitegemee kwa dharura, kwa kuwa utamu wake hutofautiana mtungi hadi mtungi. Na mwenzake wa safari lazima ajue, maana mtu aliyeshuka sana huonekana kama mlevi, na mlevi watu humpita.

Kupima ndiko kunakouma. Siku moja ya mechi, ikifuatwa vizuri, inataka vipimo vinne: kabla ya kuanza, mapumziko, mwisho, na kabla ya kulala. Kati ya 126 na 180 ni pazuri kwa kuanzia. Akikuta zaidi ya 270, na ketoni, asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini, zimepanda au anajisikia kichefuchefu, asicheze kabisa, maana hapo insulini imepungua mno na mazoezi yatamzidishia. Vipande vinne vya kupimia kwa siku moja, kwa familia ya mvuvi, ni fedha nyingi. Mradi wa Life for a Child, ulioanzia Sydney mwaka 2000, umewafikishia vijana wa Kongo insulini na vifaa vya kupimia. Wala baiskeli si mwiko kwa mwenye kisukari: mwanzoni mwa miaka ya 2010 timu ya baiskeli ya Marekani iitwayo Team Type 1, yenye waendeshaji wenye kisukari hiki, ilishindana jirani kwetu Rwanda na kuchangia vipande vya kupimia kwa watoto wa huko. Aliyekuwa akidhani mgonjwa wa sukari hawezi mbio ndefu aliwaona wakipanda vilima vile.

Kuhusu joto linaloweza kuharibu insulini, kuna habari njema. Bwawa la Mwadingusha, lililolizaa ziwa letu, linazalisha umeme unaopita juu ya vichwa kwenda gridini na migodini, na nyumba nyingi kandokando ya ziwa hazina friji. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na joto lililopimwa nyumbani mwa wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya. Waligundua kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu sawa na iliyokaa kwenye friji. Kwa hiyo chungu chenye maji, kivulini, kinatosha kwa chupa iliyo kwenye matumizi. Kinachoiua ni jua kali na kugandishwa.

Je, mashine zije Kapolowe? Siku moja ndiyo, lakini si leo, na si kwa sababu vijana wetu hawazistahili. Mrija wa pampu hubadilishwa kila siku mbili au tatu, kihisi kila siku kumi hadi kumi na tano. Pampu ina insulini ya haraka tu: ikikwama, au vifaa vikichelewa Lubumbashi, ndani ya saa chache mwili unabaki bila insulini kabisa, na kijana anaweza kulazwa kabla ya kesho yake. Mwenye sindano ana walau ile ya muda wa kati inayomshikilia. Mashine ya thamani bila ugavi ni hatari kuliko chupa ya bei nafuu inayofika kila mwezi. Ningeambiwa nichague cha kuletwa kwanza katika eneo la afya la Kapolowe, ningechagua vipande vya kupimia, vinne kwa kila siku ya mechi na kimoja cha ziada kwa ajili ya mama atakayeamka saa nane usiku.