Je, Wajua? Kuna duka la viatu lisilouza viatu

Mwaka 2015, kando ya mto Thames katika eneo la Vauxhall jijini London, lilisimama boksi la viatu kubwa kiasi cha watu kuingia ndani. Mgeni aliulizwa swali la dukani tu: unavaa namba ngapi?

Alivua vyake, akapewa vya mtu asiyemjua, pamoja na hedifoni. Kisha akatoka kutembea maili moja, yaani kama kilomita 1.6, huku mwenye viatu akimsimulia maisha yake masikioni. Mkimbizi kutoka Syria, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, mwanamke anayeuza mwili, askari aliyewahi kupigana vitani: huchagui sana, maana saizi ya mguu nayo ina neno lake.

Kazi hiyo, *A Mile in My Shoes*, ni ya Empathy Museum, makumbusho yasiyo na jengo la kudumu, yaliyoanzishwa na mwanafalsafa Roman Krznaric na kuongozwa na msanii Clare Patey. Mwaka 2016 boksi lilifika Perth, Australia.

Ili kumkutanisha mtu na mtu asiyemjua, msanii Marina Abramović hakuhitaji hata viatu. Mwaka 2010, katika jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA jijini New York, aliketi kitini kimya kwa zaidi ya saa 700 katika muda wa miezi takriban mitatu, akitazamana na yeyote aliyekuja kukaa mbele yake. Wengi walibubujikwa machozi. Kikomo cha muda hakikuwepo. Wapo waliokaa dakika chache tu, na wapo waliokaa siku nzima, foleni ikisubiri.