Hita Katika Tangi Dogo la Samaki

Samaki hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata maji anamoogelea. Maji yakipoa, usagaji wa chakula huzorota na kinga hushuka. Guppy aliyekuwa akikimbilia chakula hujikunyata pembeni, mapezi yamebana, na mara nyingi ugonjwa wa madoa meupe hufuata.

Tangi dogo ndilo linaloumiza zaidi, kwani maji machache hupoa upesi, kama uji wa kikombe unavyotangulia kupoa kabla ya ule wa sufuria. Nairobi, mwezi Julai, hewa ya usiku hufika nyuzi 12 hivi na mchana hupanda kupita 20. Guppy na betta hutaka maji ya nyuzi 24 hadi 27, tena yasiyoyumba. Samaki wa dhahabu hahitaji hita, na kwa mkazi wa Dar es Salaam mara nyingi kifaa hiki ni kupoteza pesa, labda tangi liwe katika chumba chenye kiyoyozi.

Ukubwa wa hita hukadiriwa kwa wati 1 kwa kila lita, au zaidi kidogo nyumba ikiwa ya baridi. Tangi la sentimita 50 kwa 30, maji yakifika kimo cha sentimita 27, lina lita 40 hivi. Wati 50 zinatosha. Kununua ya wati 200 ili “ifanye kazi haraka” ni kujitafutia msiba: swichi yake ya joto ikinata, samaki watakuwa mchuzi kabla hakujakucha. Volti nazo zisomwe kwenye lebo. Hita ya volti 120 iliyokuja na mzigo kutoka Marekani, ikichomekwa kwenye umeme wa volti 230, huvuta karibu mara 4 ya nguvu iliyokusudiwa.

Hita hufungwa karibu na mdomo wa chujio, maji yanapopita, bila kugusa changarawe. Ikishazama huachwa dakika 30 kioo chake kizoee maji, ndipo huchomekwa. Waya uning'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, ili matone yadondokee sakafuni. Joto lipandishwe taratibu, nyuzi 1 au 2 kwa siku, na kipimajoto kikae upande wa pili wa tangi. Namba zilizochapwa kwenye kirungu cha hita mara nyingi hukosea.

Wakati wa kubadilisha maji, plagi huchomolewa mapema, maana kioo chenye moto kikibaki hewani kisha kikarudi majini hupasuka. Wati 50 zikiwaka nusu ya siku hula yuniti 18 kwa mwezi. Umeme ukikatika, tangi huzungushiwa blanketi, na samaki hawalishwi mpaka maji yapate joto tena.