Mkuki, Ushanga na Njia ya Waluo

Darasani tumefundishwa ya kuwa watu wa kwanza wa Amerika walitoka Asia zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Hilo lajulikana kwa mawe yaliyochongwa, mifupa na nyayo. Lakini kuhama kwa watu si habari ya ng'ambo tu. Sisi tukaao Juba twaishi kando ya mto ambao bonde lake lilikuwa njia kubwa ya kuhamia, na ushahidi wake mmoja tunao vinywani mwetu.

Mwulize Mshiluk wa Malakal, Mwacholi wa Magwi na Mjaluo wa Kisumu jina la maji: watakujibu pi au pii. Jicho kwao wote ni wang'. Ng'ombe ni dyang', naye Mjaluo husema dhiang'. Hata Mdinka, aliye jamaa wa mbali zaidi, maji huyaita piu. Nimewajaribu wanafunzi wenzangu kwa maneno haya, wakacheka kwa mshangao. Neno la bunduki au la chai huweza kuletwa na mchuuzi. Neno la jicho mtu hulipata kwa mama yake.

Padre Crazzolara, mmisionari wa Kikomboni, aliyetoa vitabu juu ya Waluo kati ya 1950 na 1954, alionyesha ya kuwa asili yao ni upande wa Bahr el Ghazal. Masimulizi ya wazee yasema Nyikang aligombana na ndugu yake Dimo, akaenda kuanzisha ufalme wa Washiluk. Wengine walishika njia ya kusini wakafika Pubungu, karibu na Pakwach, huko Uganda.

Hapo ndipo penye kisa cha Gipir na Labongo. Mmoja alichukua mkuki wa nduguye akamchoma tembo, naye tembo akatoroka nao. Mwenyewe akakataa mkuki mwingine wowote. Alitaka ule ule. Baada ya taabu nyingi ukapatikana. Siku nyingine mtoto wa yule mwenye mkuki akameza ushanga wa ami yake, naye ami akataka ushanga ule ule. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakazika shoka mtoni, wakaachana. Mimi sidhani taifa zima liligawanyika kwa ushanga mmoja. Malisho na wingi wa watu ni sababu zenye nguvu zaidi. Walakini kisa hiki chaeleza uchungu wa kuachana kuliko tarehe yo yote.

Na tarehe zilipatikanaje? Profesa Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha 1967, alihesabu vizazi katika nasaba za koo. Vizazi 15, kila kimoja miaka 27, ni miaka 405. Kwa hesabu ya namna hii alikadiria kuwa Waluo wa kwanza walifika kilima cha Ramogi, Kenya, miaka kama 500 iliyopita.

Tusidhani, hata hivyo, ya kuwa lugha ni damu. Wengi waitwao Waacholi leo wametokana na wazee waliosema Kimadi au lugha nyingine, wakaja kushika Kiluo.

Wako pia waliobaki karibu na asili. Ni Waluo wa Wau, wanaomtaja Dimo kuwa babu yao. Jirani zao Wadinka huwaita Jur, maana yake wageni.