Mnunuzi wa altrasaundi atazame probu kwanza, kioo baadaye

MWENYE zahanati binafsi wa Gwarama, Kibondo au Kasulu akienda mjini kununua mashine ya altrasaundi, huonyeshwa kwanza kioo. Muuzaji humsifia ukubwa wake na wingi wa pikseli, na bei hupanda kwa kufuata sifa hizo. Hapo ndipo fedha hupotea, kwani ukali wa picha hautoki kwenye kioo. Mnunuzi wa maharage anaelewa: chekeche lenye matundu makubwa halitenganishi punje na changarawe, hata ukimwaga mzigo juu ya turubai jipya.

Chekeche la altrasaundi ni probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa tumboni. Hutuma sauti isiyosikika kwa sikio, kisha hupokea mwangwi. Sauti hiyo hupita mwilini kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde. Vitu viwili vikikaribiana kupita kiasi, mashine huviona kuwa kimoja, na kiasi hicho hutegemea urefu wa wimbi. Probu ya megahezi 3.5, iliyozoeleka kwa tumbo, ina wimbi la milimita 0.44, ya megahezi 10 ina milimita 0.15.

Mbona basi watu wasinunue ya 10 tu? Kwa sababu wimbi fupi huchoka mapema. Hiyo ya 10 huishia sentimita 4 au 5 hivi. Inafaa kwa tezi ya shingo na matiti, lakini mtoto aliye tumboni mara nyingi haimfikii. Muuzaji anayedai kuwa megahezi nyingi ndiyo ubora anauza nusu ya habari.

Tena ukali uko wa namna mbili. Wa kwenda chini, kwa probu ya 3.5, huwa mzuri, chini ya milimita 1. Wa upande kwa upande ni dhaifu: kwenye kina cha sentimita 10, probu inayotumia upana wa sentimita 2 hutenganisha kwa milimita 2 na ushei.

Milimita 2 si kitu kidogo. Mfupa wa paja la mtoto hupimwa ukiwa umekingama na sauti, na karibu na mwezi wa tano huongezeka kama milimita 2.5 kwa wiki. Kosa la milimita 2 ni karibu wiki nzima ya umri wa mimba, na mama wa Gwarama hupanga nauli na safari ya hospitali kwa tarehe aliyopewa. Wateja wapo: mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24.

Hatari kubwa iko kwenye mashine zilizotumika. Ndani ya probu mna safu ya vipande vidogo vya kutuma sauti, mara nyingi 128. Ikianguka sakafuni, baadhi hufa. Picha hufifia huku kioo kinang'aa kama kipya. Jaribio lake halina gharama. Washa mashine, shika probu hewani, kisha telezesha kibanio cha karatasi polepole usoni mwake. Alama itatembea kiooni. Ikikatika mahali, hapo pamekufa.

Zipo pia probu za kuunganisha na simu. Butterfly iQ ilipotangazwa Marekani mwaka 2017, bei yake ilikuwa chini ya dola 2,000, lakini kuna ada ya kila mwaka ambayo wengi hawaiulizi.

Huenda mnunuzi akatajiwa fotoakustiki. Asili yake ni ya 1880, Alexander Graham Bell alipogundua kuwa mwanga unaokatwakatwa huzalisha sauti. Leo leza hupasha damu joto kidogo sana, damu hutoa sauti, na probu huipokea. Mwanga huonyesha damu ilipo, ila ukali wa picha za kina bado ni wa sauti. Marekani iliidhinisha mashine moja ya aina hiyo kwa matiti mwaka 2021. Kwa wajawazito wa Kibondo bado si bidhaa ya kuwekea fedha.

Kabla ya kulipa, ulizia kibali cha TMDA, na bei ya probu ya akiba peke yake, kwa maandishi.