Njaa Ndani ya Unene: Lishe ya Wazee Tanzania

Kukonda na kunenepa kupita kiasi huchukuliwa na wengi kuwa matatizo ya watu wawili: mzee wa kijijini aliyebaki mifupa na mzee wa mjini mwenye kitambi. Kwa wazee wa Tanzania, ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawatambua kuwa ni watu wa miaka 60 na kuendelea, hali hizo hukaa mtaa mmoja, nyumba moja, na mara nyingine mwili mmoja.

Umri unapopanda, misuli hupungua na mafuta huongezeka, hasa tumboni. Mizani haitofautishi nyama na mafuta. Bibi anaweza kubaki na kilo 75 zilezile kwa miaka kumi huku mapaja yakiisha nguvu, hadi anashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Huyo ni mnene na ana upungufu wa lishe kwa wakati mmoja, na kwa kuwa anaonekana ameshiba, hakuna anayemuuliza amekula nini.

Kipimo cha kawaida, yaani uzito kwa kilo uliogawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita, nacho hupotosha uzeeni. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu; 30 na zaidi ni unene uliokithiri. Lakini mgongo ukipinda, urefu hupungua. Mwenye kilo 47 aliyekuwa na sentimita 160 ujanani angepata 18.4, ishara ya hatari. Akishapinda hadi sentimita 154 anapata 19.8 na kuambiwa yuko sawa. Utepe wa fundi cherehani unaozungushwa kwenye shavu la mguu, mahali palipo panene zaidi, humsema vizuri zaidi: chini ya sentimita 31 ni dalili ya misuli kuisha.

Chanzo kipo kwenye sahani. Asubuhi ni chai ya rangi yenye sukari nyingi na vitumbua viwili. Mchana ugali wa sembe na mchuzi. Kipande cha samaki kipo, ila bibi anayelea wajukuu huwamegea wao mnofu, yeye akabaki na mchuzi. Meno yakishang'oka, nyama na karanga huachwa, na wanga laini huchukua nafasi yake. Ladha na harufu hufifia, hamu ya kula inashuka, na upweke wa aliyefiwa na mwenzake humfanya aone kupika ni usumbufu. Hivyo nishati hutosha au hata huzidi, na protini inakosekana. Mzee wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6.

Uwezo wa kununua nao una uzito wake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wote wa miaka 70 na zaidi. Tanzania Bara bado haina malipo kama hayo kwa kila mzee.

Kinachosikitisha ni kwamba wazee hawapimwi. Kadi ya kliniki ya mtoto huchorwa uzito kila mwezi; utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 uliwachukua watu wa miaka 25 hadi 64, ukaishia pale uzee unapokolea.

Kwa mzee mnene, kumpunguzia chakula chote ni kosa, kwani misuli hupotea pamoja na mafuta. Kinachopunguzwa ni sukari, maandazi na mafuta ya kukaangia. Maharage, maziwa na mayai hubaki, na mwili hupewa kazi, hata ile ya kusimama na kuketi mara kumi asubuhi na jioni. Kwa aliyekonda, milo midogo ya mara kwa mara hufaa kuliko sahani moja kubwa. Aliyepoteza kilo 3 kati ya 60 ndani ya miezi sita bila kukusudia apelekwe hospitali. Asiye na meno husagiwa dagaa wakavu waliooshwa mchanga, unga wake ukakorogwa kwenye uji wa dona.